Yule mama asiye na uso kwenye Tom and Jerry, kuna anayejua habari zake?

Mama Zuu

Wakuu habari za jioni. Nina swali, naombeni msinione nakuza mambo.

Binti yangu ana miaka saba na Tom and Jerry zimemkamata kabisa, na anataka zile za zamani za miaka ya 40, hizi mpya hata hazimchekeshi. Mimi namuunga mkono kwa kweli, ule muziki unavyofuata kila hatua ya paka, anakanyaga reki mpini unampiga puani, nimeshaziona mara mia na bado nacheka mpaka machozi. Sasa juzi tumekaa tunaangalia akaingia yule mama, mnamjua, miguu minene, soksi zimeshuka, ndala za ndani, aproni, ufagio mkononi, anamfokea Tom kwamba akivunja kitu kimoja tu zaidi anatoka nje. Mtoto akaniuliza, mama mbona huyu hana uso? Nikamwambia wanaonyesha kwa chini kwa sababu panya ni mfupi, ndivyo anavyoona yeye. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, mbona mikono yake kama yako.

Hapo nilikosa cha kusema.

Usiku baada ya kumlaza nikaanza kutafuta, ndo nikazidi kuchanganyikiwa, nimekuta katuni ile ile moja lakini kwenye klipu nyingine miguu ni ya mzungu, na nyingine miguu ni ile ile nyeusi ila sauti sio ile. Sasa huyu mama ni nani, nani alikuwa anambadilisha na kwa nini? Na nyie wenye watoto, hizi mnaziacha zicheze au mnaziruka?

Mchora Mistari

Dada Mama Zuu wala hukuzi, binti yako ameuliza swali ambalo watu wazima wamelibishania miaka themanini. Nimesomea uchoraji wa katuni na hizi filamu fupi ndo zilizonifanya nishike penseli, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Huyo mama anajulikana kama Mammy Two Shoes. Yupo tangu filamu ya kwanza kabisa, Puss Gets the Boot ya 1940, ambayo Tom hata hakuwa anaitwa Tom, alikuwa anaitwa Jasper. Akaendelea mpaka 1952 akaondolewa. Sauti yake ni Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyekuwa maarufu sana redioni Marekani, alicheza Birdie kwenye The Great Gildersleeve miaka na miaka, na kama umewahi kuona It's a Wonderful Life ya 1946 yule Annie wa jikoni ni yeye. Sasa fikiria, hizo katuni zilikuwa zinabeba Oscar mfululizo, saba kwa jumla, na jina lake halikuandikwa kwenye hata moja.

Hilo neno "mammy" lenyewe ndo shida inapoanzia. Ni mhusika aliyetengenezwa zamani Marekani, mtumishi mweusi wa nyumba ya wazungu, mnene, mkali, mdomo mrefu, hana mume wala mtoto wala siku ya mapumziko, yupo ili nyumba ya mwenzake iwe safi. Alikuwa kwenye maonyesho ya jukwaani, kwenye matangazo ya biashara, kwenye filamu, na wachoraji walimchukua alivyo wakamtia kwenye katuni. Kuna wanaomtetea kwamba sehemu nyingine anaongea kama vile nyumba ni ya kwake, na ni kweli, lakini ile lafudhi na yale mavazi havikutoka hewani.

Kuhusu uso, jibu ulilompa mtoto ni la kweli ila sio lote. Ni kweli dunia yote ya Tom and Jerry imechorwa kwa kimo cha paka na panya, ndo maana unaona miguu ya meza kuliko meza. Lakini angalia alipoondoka nani alikuja. Wakaja mume na mke wa kizungu, mwanzoni na wao nyuso hazionekani vizuri, baadaye zinaonekana, halafu 1956 akaja yule msichana wa kulea mtoto anayeshinda kwenye simu, uso wake upo tangu mwanzo, macho, nywele, midomo inayoongea. Kwa hiyo kamera ilikuwa inaweza kupanda juu kumbe. Kwake yeye, miaka yote kumi na miwili, ilipanda kwa kupita tu, kuna filamu ya 1950 inaitwa Saturday Evening Puss, anakuja mbio kuelekea kwako ukiwahi kusimamisha picha unauona uso mzima, ukichelewa umeukosa.

Hizo miguu za kizungu: miaka ya 60 katuni zilipokuwa zinapelekwa kwenye televisheni, MGM, studio iliyozitengeneza, waliona aibu, timu ya mwongozaji wa katuni Chuck Jones ikapewa kazi ya kuchora upya juu ya picha zake, wakaweka mwanamke mzungu na mwigizaji wa sauti June Foray akatia sauti ya lafudhi ya Kiairishi. Na miaka ya 90 kampuni ya Turner ndo waliokuwa wanazimiliki, wakarudisha picha za zamani ila wakaweka sauti mpya ya Thea Vidale, mchekeshaji mweusi, ili kuondoa ile lafudhi ya kitumishi. Ndo maana umekutana na watu watatu kwenye mwili mmoja.

Mimi ile ya miaka ya 60 ndo inaniuma kuliko zote. Waliulizwa kwa nini mnamchora mtu mweusi hivi, jibu lao likawa kumfuta kabisa. Angalau wangemwongezea kichwa.

Kitasa

Jamani mimi naomba nitofautiane kwa heshima. Ni katuni. Mule ndani kila mtu anapigwa, Tom analipuliwa, anakatwa vipande, anabanwa na piano anatoka na meno ya piano, hakuna anayelia. Raha ya hizi katuni za kupigana ni kwamba hakuna mtu mkubwa wa kuogopwa. Na tukianza kukagua kila kitu tutabaki na nini? Angalia Speedy Gonzales, yule panya wa Mexico mwenye mbio, mwaka 1999 Cartoon Network walimtoa hewani wakisema anawadhalilisha Wamexico, Wamexico wenyewe na Walatino wa Marekani ndo waliopiga kelele arudishwe, 2002 akarudi. Kwa hiyo nani alikuwa anatetewa pale? Nakumbuka mimi huyo panya nilimpenda kuliko wote, mdogo, mwepesi, ana akili, anawatoa jasho paka. Halafu zamani hizo watu hawakuwa wanaona ubaya, ndivyo dunia ilivyokuwa.

Mzee wa Projekta

Kitasa mwanangu, kwenye Speedy nakubaliana na wewe nusu. Speedy ni shujaa, kwa hilo Walatino walikuwa na haki ya kumdai. Lakini waangalie panya wenzake, wamelala chini ya kofia, wengine wamelewa, wanamsubiri yeye aje awaokoe kwa sababu wao hawawezi kunyanyua mguu. Mmoja mjanja kisha taifa zima wavivu. Vyote viwili vimo ndani ya dakika saba hizo hizo na mtu anaweza kumpenda Speedy kwa moyo wote huku akiliona hilo la pili.

Ila hapo pa "watu hawakuwa wanaona ubaya" hapana, hapo nakukatalia kabisa. Walioonyeshwa waliona siku ile ile. Mwaka 1943 studio ya Warner walitoa Coal Black, hadithi ya Snow White imegeuzwa kuwa ya watu weusi wenye midomo mikubwa, NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilipinga hapo hapo vita ya dunia ikiwa inaendelea. Walter Lantz, mtengenezaji mwingine wa katuni, alikuwa na moja ya 1941, Scrub Me Mama, mji mzima wa watu weusi wamelala usingizi mchana mpaka akaja msichana wa kuwaamsha na muziki, 1948 ikataka kurudishwa sinema, NAACP wakapinga mpaka studio ya Universal wakaiondoa. Kwa hiyo malalamiko yalikuwepo, wenye studio ndo walikuwa hawayasikii mpaka yagonge mlango kwa nguvu.

Mimi nimeendesha projekta ya milimita 16 miaka mingi, nakuja na kitu nilichokiona kwa mikono yangu. Unaweka mkanda wa katuni, Tom ameshika baruti, inalipuka, unasikia mlio, halafu picha inaruka kidogo na Tom yupo safi kabisa anakimbia kama hakuna kilichotokea. Watazamaji hawagundui. Mimi nikitoa mkanda nikiupitisha kwenye vidole nakisikia kile kiungo, pale ulipokatwa na kugundishwa. Siku moja nikapata mkanda ambao haujakatwa ndo nikajua kilichokuwepo. Baruti inalipuka, moshi ukiisha Tom ana uso mweusi tii, midomo mikubwa ya rangi ya maziwa, vishungi vya nywele vimefungwa utepe. Kichekesho ni kwamba amekuwa mtu mweusi. Hicho tu, hakuna kingine. Walikitumia mara nyingi mno, Warner walikitumia, MGM walikitumia, maana kilikuwa ni kichekesho cha haraka ambacho mchoraji hakuhitaji kukifikiria.

Chanzo chake ni yale maonyesho ya jukwaani ya Marekani ya karne ya 19, wazungu wanajipaka masizi usoni, wanavaa glavu nyeupe, wanaigiza watumwa wanacheza na kuanguka. Mastaa wa kwanza wa katuni wametoka mle moja kwa moja. Bosko, ambaye ndiye nyota wa kwanza wa Looney Tunes, zile katuni za Warner, mwaka 1930, alisajiliwa na waliomchora kama kijana mweusi. Baadaye wanyama wakachukua nafasi, glavu zikabaki.

Na ndugu zangu msisahau hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Zilikuwa za sinema, kabla ya filamu kubwa, watu wazima wamekaa na watoto pamoja. Televisheni ndo ilizinunua kwa mafungu miaka ya 50 ikazimwaga kwa watoto asubuhi na jioni, na hapo ndo wenye mali wakaanza kuhangaika na mkasi. Mwaka 1968 United Artists, ambao walikuwa wanamiliki katuni za zamani za Warner, walichagua kumi na moja wakazifungia zisionyeshwe, mpaka leo zinajulikana kama zile kumi na moja. Hiyo Coal Black ni mojawapo.

Kitasa

Mzee shikamoo. Hiyo ya NAACP 1943 sikuijua, nilikuwa naamini hiyo habari ya malalamiko imeanza juzi juzi. Naifuta ile sentensi yangu. Ila bado nauliza, kukata mkanda ndo dawa?

Mzee wa Projekta

Marahaba. Sio dawa. Mkanda uliokatwa unamdanganya mtoto kwamba hakuna kilichotokea. Warner, ambao walikuja kuzimiliki Tom and Jerry, walipozitoa kwenye DVD miaka ya 2000 waliweka mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg mwanzoni anaongea na mtazamaji, anasema wazi haya yalikuwa makosa wakati ule na ni makosa leo, na kuyaficha ni sawa na kusema hayakuwepo. Mimi hilo lilinikaa. Japo hata wao waliruka baadhi, Mouse Cleaning ya 1948 na Casanova Cat ya 1951 waliziacha nje.

Hiyo Mouse Cleaning niwaambie ilivyo, maana ndo ngumu kuliko zote kwangu. Mama amesafisha nyumba inang'aa, anatoka, anamwambia Tom nikirudi nikakuta tone la uchafu umekwisha. Jerry anachafua, Tom anafuta, Jerry anachafua, Tom anafuta, kwa ufundi wa kuchekesha hii ni moja ya bora walizowahi kutengeneza, kila mshindo umepangwa kama saa. Mwisho lori la makaa ya mawe linamwagwa dirishani, nyumba inajaa mpaka mlangoni, mama anarudi anazolewa na makaa. Kichwa cha Tom kinachomoza kimekuwa cheusi, mama anamuuliza umemwona paka? Tom anajibu kwa sauti ya kuvuta vuta ya kivivu, ile aliyokuwa anaigiza Stepin Fetchit, mwigizaji mweusi, kwenye filamu za miaka ya 30. Dakika saba za ufundi wa ajabu zinaishia pale. Kila nikiiona nacheka mpaka kwenye lori halafu nanyamaza.

Sauti Polepole

Nasoma tu huwa sichangii lakini huu uzi umenigusa mahali pengine. Mnaongelea rangi, niongezee kuhusu sauti.

Mimi nina kigugumizi tangu nimeanza kuongea. Shule ya msingi waliniita Porky, yule nguruwe wa katuni za Warner mwenye kigugumizi, sio mmoja ni darasa zima, mwalimu ananiita nisome watoto wanaanza ile ya mwisho wa katuni, th-th-th, kabla hata sijafungua mdomo. Mpaka leo nikiona yule nguruwe na tai yake ya shingoni nasikia tumbo linabana. Kwa hiyo nilimchukia miaka mingi sana.

Halafu nikaja kusoma kwamba aliyemtia sauti mwanzo, 1935, alikuwa Joe Dougherty, na Dougherty alikuwa na kigugumizi kweli. Hakuwa anaigiza. Anasimama mbele ya maikrofoni, maneno yanakwama, mkanda wa kurekodia unaenda, studio inaona gharama, kwa hiyo 1937 wakamtoa wakamweka Mel Blanc ambaye anaongea vizuri tu na anaweza kukwama anapotaka na kutoka anapotaka. Na ndo ule ufundi tunaoujua, anakwama kwenye neno moja halafu anaruka kwenye neno jingine rahisi. Watu wanacheka kwa sababu ni nadhifu. Kigugumizi cha kweli sio nadhifu.

Nilikaa na hiyo habari muda mrefu. Mtu mwenye tatizo akaondolewa kwa sababu ana tatizo, tatizo lake likabaki likawa maarufu duniani likiwa mdomoni mwa mtu asiye nalo. Ukiniuliza mimi hilo ndo linafanana na huyu mama asiye na uso, wanachukua wanachokitaka kwako wewe mwenyewe unaachwa nje ya fremu.

Ila kitu kimoja nimpe Porky haki yake. Kadiri miaka inavyokwenda anakuwa mtu mwema, mvumilivu, ndiye mwenye akili pembeni ya yule bata Daffy, na kigugumizi sio tena kichekesho chenyewe, kipo tu kama kimo chake. Hizo naweza kuziangalia.

Mchora Mistari

Sauti Polepole asante sana kaka, au dada, sijui, lakini asante. Miaka yote nimemsoma Mel Blanc kama mtu wa sauti elfu moja, Dougherty huwa anapewa mstari mmoja tu vitabuni.

Umenikumbusha kwenye fremu kuna nani na nyuma ya fremu kuna nani. Studio hizo wanawake walikuwepo kwa mamia, wamekaa kwenye meza wanapitisha wino na rangi juu ya selo, zile karatasi za plastiki angavu, moja moja, kila mnavyomwona Tom anakimbia jueni kuna mkono wa mwanamke umepita juu ya mistari ile. Kuchora kwenyewe walikuwa hawaruhusiwi, Disney mwaka 1938 walimwandikia barua dada mmoja aliyeomba kazi wakamwambia bila kuzunguka kwamba kazi ya ubunifu inafanywa na vijana wa kiume. Wachache walipenya, LaVerne Harding kwa Walter Lantz alimchora Woody Woodpecker, Lillian Friedman kwenye studio ya Fleischer alichora Betty Boop na Popeye. Na mchoraji mweusi wa kwanza kudumu kazini Disney ni Floyd Norman, 1956. 1956! Katuni za dhahabu zilikuwa zinaelekea ukingoni hapo. Kwa hiyo ile meza walipokaa wanatunga kichekesho cha baruti na uso mweusi, hapakuwa na mtu wa kusema jamani hii mnanichora mimi.

Kwa swali la Mama Zuu na la Kitasa, mimi siziruki na sizikati ila sizichezeshi zenyewe tu mtoto akiwa peke yake. Ile ya Bugs Bunny na askari wa Kijapani ya 1944 kwa mfano siwezi kumwonyesha mtoto wa miaka saba, haina kitu zaidi ya matusi, na wakati inatoka Wamarekani wenye asili ya Japani zaidi ya laki moja walikuwa wamefungiwa makambini kwao huko huko Marekani. Hiyo ni ya mtu mzima anayesoma historia. Lakini huyu mama wa ufagio, dada, usimruke. Mwonyeshe Saturday Evening Puss, ila tafuta ile halisi.

Mama Zuu

Wapendwa nimechelewa kurudi, nimesoma yote mara mbili. Mzee, hiyo Mouse Cleaning nimeiweka pembeni mpaka akue kidogo, nimeiona peke yangu, ulivyosema ndivyo, nilicheka mpaka kwenye lori.

Jana jioni tumeangalia Saturday Evening Puss, ile halisi. Kwa ambao hawajaiona, mama anavaa vizuri, anavaa na mapambo, anaondoka kwenda klabu yake ya karata Jumamosi usiku. Tom anawaita paka wenzake wanapiga muziki, Jerry anashindwa kulala anampigia simu mama. Na hiyo iliyobadilishwa nimeiona pia, wameweka msichana mwembamba wa kizungu anaenda kucheza dansi, hakuna karata tena.

Binti alichokishika sio uso. Uso nilimsimamishia, nikarudisha nyuma mara tatu, akauangalia, akasema sawa, kama vile alikuwa anajua upo. Alichokishika ni karata. "Kumbe ana rafiki zake?" Nikamwambia ndiyo. "Na amevaa bangili." Ndiyo. Halafu yule mama aliposimamisha mchezo wa karata akakimbia kurudi nyumbani, mwanangu akamkasirikia Tom kweli kweli, mara ya kwanza namwona hayuko upande wa Tom. Mwisho mama kawatupa paka wote nje, akakaa akawasha muziki ule ule waliokuwa wanapiga, wake mwenyewe, binti akapiga makofi.

Nimemwambia jina la aliyeongea. Anashindwa kulitamka Randolph, anasema Mama Liliani. Leo asubuhi ameniuliza Mama Liliani yupo kwenye ngapi, nimemwambia sijahesabu, Mchora Mistari kama una orodha ya zile zenye sauti yake halisi naomba uniwekee hapa.